Jinsi darasa la tatu lilivyomjua bundi mdogo wa mkoroshoni, huku Newala (uzi mrefu)

Madam_Makondeni (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Newala, juu ya uwanda wa Makonde, upande ule ambao ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo. Nafundisha darasa la tatu. Uzi nitaushusha kipande kipande maana mtandao wa huku unakuja na kuondoka.

Mwaka jana mwezi wa saba, muda wa mapumziko, wavulana watatu walikuja mbio mpaka mlangoni kwangu. Wa mbele amebeba kitu ndani ya sweta. "Madam, tumeua bundi." Walikuwa wamempiga kwa manati kwenye mkorosho mkubwa ulio nyuma ya vyoo. Nyuma yao darasa zima limesimama kwa mbali, na msichana mmoja analia. Nilidhani analia kwa huruma. Kumbe analia kwa woga, anaamini usiku ule mmoja wao atakufa.

Nikampokea yule ndege. Alikuwa bado na joto. Akalala katika kiganja changu na nafasi ikabaki. Watoto wakaanza kusogea hatua kwa hatua, mwisho mmoja akauliza, "Ndiye huyu? Mbona mdogo?" Ndipo nilipogundua kuwa hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona. Wamelelewa na hofu ya kitu ambacho hawajui hata kimo chake.

Yule msichana aliyelia alifiwa na mdogo wake mwaka uliotangulia. Mtoto alishikwa na degedege usiku, na kwa kuwa bundi alikuwa amelia karibu na nyumba, saa za mwanzo zikaishia katika kutafuta mtu wa kufukiza na kuzindika. Pikipiki ya kwenda zahanati ilitafutwa alfajiri. Ninyi wa pwani na wa kusini mnajua jina lenyewe lilikotoka: degedege ni lile dege linalosemwa hupita usiku na kumtikisa mtoto. Na bundi katika Kiswahili cha wazee ana jina jingine, babewatoto. Mtoto wa miaka tisa anazungukwa na majina hayo, halafu giza linaingia, na kitu kinalia nje.

Nikasema moyoni, hawa watamjua ndege huyu kabla hawajavuka darasa langu. Na sitaanza kwa kuwaambia "acheni imani potofu". Sentensi hiyo nimeitamka miaka mingi na haijamsaidia mtoto hata mmoja kwenda chooni usiku.

Naendelea kesho.

Mama_Wawili

Mwalimu, naweka mkeka hapa hapa. Wanangu wawili wote wananiamsha niwasindikize uani kwa sababu ya bundi. Endelea.

Dogo_Masasi

Samahani madam, mimi siwezi kukubali moja kwa moja. Kwetu bundi alilia juu ya mwembe, kesho yake baba mdogo akafariki. Hilo nimelishuhudia, sikuhadithiwa.

Madam_Makondeni

Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu baba mdogo. Sikubishii kwamba alilia. Nitalirudia jambo lako mbele kidogo, kwa sababu kuna mtoto aliniuliza hilo hilo na tukalifanyia kazi darasani.

Kwanza nimweleze ndege mwenyewe.

Bundi wako wa aina nyingi, na huyu ni katika wadogo kabisa. Wataalamu humwita Otus senegalensis. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, mahali penye miti iliyoachana kama miombo yetu na mashamba ya miti mikubwa. Urefu wake haufiki penseli mpya. Uzito wake ni kama gramu 65, wengine hushuka mpaka 45, wengine hukaribia 100.

Gramu hazina maana kwa mtoto. Nikatafuta kitu anachokijua mkononi. Korosho ghafi zilizojaa vizuri zinaingia 180 mpaka 200 katika kilo, kwa hiyo moja ni gramu tano na kitu. Nikamwita kila mtoto mezani, nikamwekea korosho kumi na mbili kiganjani, nikamwambia afumbe macho. "Huo ndio uzito wake." Watoto wa Newala wameokota korosho tangu wanajifunza kutembea, uzito ule mkono wao unaujua. Yule msichana alizishika korosho zake muda mrefu kuliko wenzake, hakuzirudisha mpaka kengele ilipolia.

Rangi yake ni ya kijivu, wengine hudhurungi kidogo, na michirizi myeusi kama gome la mkorosho mkongwe. Mchana hasinzii kwenye shimo kila mara. Mara nyingi anasimama ameshikamana na shina. Akihisi mtu, anajinyoosha awe mwembamba, anasimamisha vile vishungi viwili vya kichwani na kufumba macho mpaka ubaki ufa tu. Unapita hatua mbili kutoka alipo, unaona kipande cha tawi kilichovunjika. Vishungi vile watoto huviita masikio au pembe. Ni manyoya tu. Masikio yake halisi yamefichwa ubavuni mwa uso, chini ya manyoya.

Macho ni ya njano, makubwa, na hayazunguki ndani ya kichwa kama yetu. Akitaka kutazama pembeni lazima ageuze kichwa kizima, na anaweza kukigeuza kwa nyuzi 270 hivi. Shingo yake ina pingili 14. Yetu ina saba. Tulijaribu kugeuza shingo darasani, watoto wakacheka mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Lile la bundi kugeuza kichwa ndilo linalowatisha wengi, wanasema shetani tu ndiye anayeweza. Baada ya kulijua la macho, mvulana mmoja akasema, "Kumbe analazimika." Nilikaa na neno hilo siku nzima.

Chakula chake ni panzi, nyenje, mbawakawa, nondo, buibui, hata nge. Mara mojamoja mjusi mdogo.

Mkulima_Nanyamba

Mwalimu, hapo kwenye wadudu umenigusa. Je, anatusaidia na mbu wa mikorosho? Maana viuatilifu vinatumaliza mfukoni.

Madam_Makondeni

Mzee wangu, hilo sitalisema. Mbu wa mikorosho ni kadudu kadogo, na adui wake mkubwa unamjua: maji moto. Wale siafu wekundu wanaoshona majani, wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamewafanyia kazi miaka mingi kwa sababu shamba lenye maji moto wengi mbu hawatulii humo. Bundi huyu kazi yake ni wadudu wakubwa wa usiku. Ila kuna jambo moja la shambani linalomhusu sana, nalo ni yale mashimo ya miti. Hajengi kiota. Anataga ndani ya tundu la mti, mara nyingi lililochongwa na gongonola au tawi lililooza. Jike analalia mayai, dume analeta chakula usiku kucha. Mkorosho mkongwe uliopasuka, ambao sisi tunauona kuni, ndiyo nyumba yake.

Ustadhi_Mikindani

Assalaam alaykum. Mwalimu, naomba nichangie upande wa madrasa, kwa sababu wazazi wengi wa Mtwara na Lindi ni Waislamu na hofu hii wanaichanganya na dini.

Waarabu wa zama za ujahiliya walikuwa na imani kama hii yetu. Walikuwa na kitu wakikiita hama. Katika tafsiri za wanazuoni, hama ni bundi: akitua juu ya nyumba walisema anatangaza kifo cha mwenye nyumba au cha jamaa yake. Wengine walisema ni ndege atokaye katika mifupa ya maiti. Mtume (S.A.W.) alilikanusha kwa kulitaja. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Bukhari, amesema hakuna kuangalia mikosi kwa ndege, wala hakuna hama. Bundi ametajwa ili aondolewe mzigo huo. Mimi huwafundisha watoto wa chuoni hadithi hii, na nikawaambia: mkimsikia usiku, mseme Subhanallah na mlale.

Madam_Makondeni

Wa alaykum salaam ustadhi. Laiti ningeijua mwaka jana! Nilipokwenda kuomba ruhusa kwa wazazi ya kutoka na watoto usiku kumsikiliza bundi, nilikuwa na korosho kumi na mbili tu mfukoni. Nitaichukua kwa kikao kijacho, na nitawaambia nimeipata kwako.

Sasa sauti. Hapa ndipo uzi wangu ulipo hasa.

Watoto wote walikuwa wanaisikia tangu kuzaliwa. Ni sauti fupi yenye mtetemo, kama "prruup", halafu kimya, halafu baada ya sekunde tano mpaka nane, "prruup" tena. Inaweza kwenda hivyo saa nzima. Nilipowaigizia darasani walisema kwa pamoja, "Chura!" Wengine wakasema mdudu wa kwenye miti. Hakuna aliyesema bundi. Sauti wanayoiogopa ni ya bundi mwingine, yule mweupe mwenye uso kama moyo anayelala kwenye dari, anayetoa mkwaruzo kama kitambaa kikichanwa. Huyu mdogo amekuwa akiwaimbia miaka yote na hakuna aliyemhesabia dhambi, kwa kuwa hawakujua ni nani.

Nikawapa kazi ya nyumbani: keti mlangoni baada ya magharibi, msikilize "chura wa mtini", hesabu polepole kutoka sauti moja mpaka nyingine, andika. Asubuhi daftari zimejaa namba. Sita, saba, sita, tano, sita. Mmoja kaandika 13 na kando yake "hapa mbwa alibweka". Wiki nzima walihesabu. Siku ya Ijumaa ndipo nikawaambia huyo mnayemhesabu ni nani.

Darasa lilinyamaza. Kisha akainua mkono yule wa manati. "Madam, basi tuliyemuua ndiye alikuwa anaimba nyuma ya vyoo?"

Nikamjibu huenda ndiye.

Mama_Wawili

Mwalimu nimetokwa na machozi. Leo leo nawakalisha mlangoni.

Kijana_wa_Liwale

Madam kazi nzuri, lakini wengine huku Liwale jioni ni tembo. Hatutoi mtoto nje giza likiingia. Na wazee wa Lindi hawajasahau simba wa miaka ya mwanzo ya 2000, watu walichukuliwa mashambani wakilinda mazao.

Madam_Makondeni

Umesema jambo la msingi kijana, na mtu yeyote asome hili kabla ya kunifuata. Kwenye tembo, usitoke. Sauti inafika dirishani, mtoto asikilize akiwa ndani na atakuwa hajakosa kitu. Hata huku kwetu nilikuwa na masharti: mzazi au mlezi kwa kila watoto wawili, viatu vya kufunika mguu kwa sababu ya nyoka na nge, tunakaa uani palipofagiliwa, hatuingii shambani, na saa mbili usiku kila mtu yuko kwao.

Tulikwenda nyumbani kwa bibi wa mwanafunzi mmoja, pembeni kuna mikorosho ya zamani ya marehemu mumewe. Tulikuwa watoto kumi. Usiku wa kwanza hatukumwona wala hakulia. Wa pili alilia mbali. Niliogopa watoto watachoka, lakini ni sisi watu wazima tuliochoka, wao walikuwa wamelala chali mkekani wanahesabu nyota.

Bibi mwenyewe hakutaka kuketi nasi. Alituridhia kwa sababu ya mjukuu, akabaki kibarazani amejifunika kanga, kimya. Usiku wa tatu ndege akaanza kulia kwenye mti wa karibu kabisa, watoto wakaanza kuhesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu... Bibi akauliza kutoka kule kibarazani, "Mnahesabu nini?" Mjukuu akamwambia, "Bibi, huyo ndiye bundi." Bibi akasema hapana, huyo namjua. Akasimulia walivyokuwa wakilala kwenye dungu yeye na mumewe kulinda mihogo na nguruwe pori, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwafanya wasisinzie, miaka mingi. "Huyo ni wa dungu letu." Nikamwambia, "Bibi, ndiye." Alinyamaza mpaka nikaogopa nimemuudhi. Kisha akaja, akaketi mkekani katikati ya watoto.

Taa: niliifunga tochi kwa kipande cha kanga nyekundu, maana mwanga mweupe ukimpiga machoni anabaki hana la kuona kwa muda. Tulimmulika kidogo tu, tukazima. Alikuwa juu ya tawi la chini, amegeuka anatutazama. Hakuna aliyepiga kelele. Aliporuka hatukusikia bawa, manyoya yake ya ukingoni yana vichana laini vinavyouua ule mvumo wa upepo. Watoto waliendelea kulitazama tawi tupu.

Na msipige sauti yake kwenye simu kumwita. Anadhani mpinzani ameingia eneo lake, anaacha kuwinda na kuja kugombana na simu.

Dogo_Masasi

Madam, bado hujanijibu la baba mdogo.

Madam_Makondeni

Sijasahau. Mtoto aliyeniuliza kama wewe ni yule msichana. Aliuliza, "Akilia, nani ataugua?" Sikutaka kumjibu kwa mdomo. Tukachukua karatasi ya manila, tukaibandika ukutani, siku zote za mwezi. Kila asubuhi, aliyemsikia bundi usiku anaweka alama ya kijani. Upande wa pili, mgonjwa akipatikana kijijini au msiba ukitokea, alama nyekundu.

Kijani ikajaa karibu kila mstari. Nyekundu zilikuwa chache, zimetawanyika. Waliona wenyewe: analia usiku ambao watu wote wanaamka wazima, na usiku huo hakuna anayeukumbuka kwa sababu hakuna kilichotokea. Usiku wa msiba ndio unaobaki kichwani, na bundi anabaki nao. Ndugu yangu, alilia usiku ule wa baba mdogo. Alikuwa amelia na usiku wa jana yake, na wa juzi yake.

Katika mwezi huo huo mdogo wa mwanafunzi wangu mmoja alichemka homa usiku. Mama yake alinisimulia kwamba binti mkubwa, aliye darasani kwangu, ndiye aliyesema, "Mama, tusimngoje mtu, twende." Zahanati wakampima kwa kipimo cha haraka, ni malaria, akapewa dawa mseto. Kila mzazi anayesoma hapa nakuomba: homa ya mtoto ni ya zahanati, na degedege ni la zahanati usiku huo huo. Malaria kali hupanda kichwani. Kila saa ina thamani.

Dogo_Masasi

Nimekuelewa madam. Asante kwa kunijibu kwa upole.

Mpemba_Bandarini

Nafanya kazi hapa Mtwara bandarini lakini mimi ni wa Pemba. Mwalimu, waambie watoto kwetu tuna bundi wetu mdogo, wa jamii moja na huyo wenu, na duniani kote hayupo kwengine ila Pemba. Msitu wa Ngezi ukiingia jioni utamsikia. Sisi udogoni hatukuambiwa kwamba tuna kitu cha pekee namna hiyo. Nimekijua ukubwani, nikasikitika.

Madam_Makondeni

Hili nitawachorea kwenye ramani. Yuko na mwingine wa Sokoke, Kenya, ambaye kwa upande wetu anapatikana misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Ahsante sana.

Fundi_Lindi

Madam, mtoto wangu anataka kufuga. Ukimpata kinda unamlisha nini?

Madam_Makondeni

Kaka, usimfuge. Kwanza Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kukamata mnyama wa porini bila kibali. Pili, kinda ukimkuta chini mara nyingi hajatupwa. Makinda hutoka shimoni kabla hawajajua kuruka vizuri, na mzazi huja usiku kuwalisha. Ukiona paka au mbwa yuko karibu, mnyanyue umweke kwenye tawi la karibu, uondoke. Kama mwanao anataka kazi ya mikono, mtafutie yale matonge ya yule bundi mweupe wa darini. Hutapika mifupa na manyoya yasiyosagika, yamefungwa kama tonge. Loweka kwenye maji, chambua kwa mwiba. Utatoa fuvu zima la panya, na taya, na mbavu. Mwisho nawe osha mikono kwa sabuni.

Ustadhi_Mikindani

Nathibitisha. Kwenye magofu ya mawe hapa Mikindani yako tele. Vijana wangu walipanga mifupa ya panya juu ya ubao, wakamaliza mguu mzima.

Mkulima_Nanyamba

Mwalimu, nimerudi. Nina mikorosho mikongwe kumi na moja, nimeshaagiza msumeno wa kuikata ili nipande mbegu mpya. Jana usiku baada ya kusoma hapa nilitoka na mjukuu. Iko sauti moja, tumehesabu sita, saba, sita. Inatoka kwenye mkorosho wa tatu kutoka njiani, na una tundu.

Madam_Makondeni

Mzee wangu! Msumeno unakuja lini?

Mkulima_Nanyamba

Jumamosi. Huo wa tatu nimeufunga kitambaa chekundu, fundi ataupita. Mjukuu ameniambia nimuulize madam: mayai yanalaliwa siku ngapi?

Madam_Makondeni

Mwambie kama siku 22, wiki tatu na siku moja. Na makinda yakishatoka kwenye yai hukaa shimoni karibu mwezi kabla ya kuchungulia. Aanze manila yake leo.